Karatasi Kwanza

Kiswahili hutaja rangi nyingi kwa kuazima kitu. Chungwa, kahawa, jivu, maji ya kunde, damu ya mzee: kila jina linamtuma msikilizaji akatazame kitu fulani kisha arudi. Ndiyo maana mtu akisema anataka kitambaa cha rangi ya majani, muuza duka hasogei kabla hajauliza majani gani, ya mgomba au ya mchicha. (Chai ya rangi tuiache, maana hiyo ni habari ya maziwa.) Nambari zilizomo ndani ya picha ya kidijitali ni majina ya namna hiyo hiyo, ila yamevikwa joho la hesabu. Chukua pikseli moja ya shavu la mwanamke mweusi, iliyoandikwa nyekundu 120, kijani 80, buluu 60. Tutatembea nayo sura nzima. Nambari hizo tatu hazitaji rangi; zinaamrisha kifaa kitoe mwanga kiasi fulani. Zikisomwa kwa kipimo cha sRGB, kilichotungwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na ambacho skrini na simu nyingi hukifuata, shavu ni la hudhurungi tulivu. Zikisomwa kwa kipimo cha Adobe RGB cha mwaka 1998, shavu hilo hilo linaiva kwa wekundu, kana kwamba mwenyewe ametoka jikoni sasa hivi. Hakuna nambari hata moja iliyoguswa. Kilichobadilika ni jibu la swali la muuza duka.

Profaili ya rangi ndiyo jibu hilo. Ni faili dogo linaloeleza nambari za kifaa fulani zina maana ya rangi ipi inayoonekana kwa macho. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba picha inayokwenda kuchapwa haipaswi kubadilishwa kutoka RGB kwenda CMYK, yaani wino wa sayani, majenta, njano na nyeusi, kabla karatasi na mashine havijajulikana. Watu wengi husema “nimeshaiweka kwenye CMYK” kama vile CMYK ni mahali ambapo picha ikishafika imefika. Si mahali. CMYK bila jina la karatasi ni sawa na kusema nauli bila kutaja safari, na gharama kubwa ya kosa hilo hulipwa na nyuso za watu weusi.

Tuanze na jinsi kazi yenyewe inavyokwenda. Katika miaka ya 1920 Waingereza wawili, David Wright na John Guild, kila mmoja kwa upande wake, waliwakalisha watu mbele ya mianga mitatu na kuwataka waichanganye mpaka ilingane na rangi waliyoonyeshwa. Wright alikuwa na watazamaji 10, Guild 7. Kutokana na macho ya watu hao 17, tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ilitunga mwaka 1931 kipimo cha rangi kisichotegemea kifaa chochote, na mwaka 1976 ikakiendeleza kuwa kile kinachoitwa Lab, ambamo L ni ngazi ya weupe kuanzia 0, giza totoro, hadi 100. Mwaka 1993 kampuni kadhaa, zikiwamo Apple, Adobe, Kodak na Agfa, zilianzisha jumuiya ya ICC na kukubaliana kwamba kila kifaa kielezwe kwa kipimo hicho cha katikati. Mfano wake tunao nyumbani. Msambaa na Mmakonde wakikutana sokoni hawahitaji kamusi ya Kisambaa na Kimakonde; kila mmoja ana Kiswahili chake, na biashara inafanyika. Lab ndiyo Kiswahili cha vifaa. Profaili ya skrini inatafsiri nambari za RGB kwenda Lab, profaili ya mashine ya kuchapa inatoa Lab kwenda kwenye wino, na kamera ya Nairobi inaelewana na kiwanda cha Mumbai bila wao kuwahi kujuana.

Lakini kamusi hizo mbili hazilingani unene. Profaili ya sRGB ina uzito wa kama kilobaiti 3 tu, kwa sababu skrini ni kiumbe cha kanuni: mwanga mwekundu ukiongezwa kijani hujumlika kama hesabu inavyotaka. Profaili ya mashine ya ofseti huwa na mamia ya kilobaiti, mara nyingine hupita megabaiti moja, kwa kuwa wino juu ya karatasi hautii kanuni nyepesi. Lazima upimwe. Huchapwa chati yenye viraka vingi vya rangi (chati moja inayotumika sana ina viraka 1,617), kisha kila kiraka husomwa kwa spektrofotomita na kuandikwa: mchanganyiko huu wa wino, kwenye karatasi hii, umetoa Lab hii. Profaili ya kuchapa basi ni daftari la ushahidi. Haisemi mashine inapaswa kufanya nini. Inasema ilifanya nini siku ilipopimwa. Ukibadili karatasi umebadili shahidi, na ushahidi wa awali hauhusu tena kesi yako.

Tofauti ya karatasi na karatasi si ya kubahatisha. Viwango vya kimataifa vya uchapaji vinaitaja waziwazi. Kwenye karatasi ya ati, ile laini inayong'aa ya majarida na kalenda, weupe wa karatasi tupu huwa karibu na 95 katika ile ngazi ya 0 hadi 100, na wino mweusi uliojaa hushuka hadi karibu 16. Kwenye karatasi ya gazeti, karatasi tupu ni 82 na mweusi wake ni 36. Usiziruke nambari hizo haraka. Nyeusi ya gazeti si nyeusi, ni kijivu kizito, na picha nzima, kuanzia shuka jeupe hadi tundu la pua, inatakiwa iingie katika nafasi ya ngazi 46 pale ambapo karatasi ya ati ilitoa 79. Halafu kuna kutanuka kwa nukta. Picha iliyochapwa ni nukta nyingi ndogo za wino, na karatasi ya gazeti hunywa wino kama kitambaa: nukta inasambaa, na mwanga nao unanasa ndani ya nyuzi za karatasi na kuifanya ionekane pana zaidi. Kiwango cha magazeti kinakadiria ongezeko la asilimia 26 katikati ya kipimo. Eneo lililokusudiwa kufunikwa nusu, asilimia 50, linatokea kama limefunikwa asilimia 76.

Sasa rudi kwenye shavu letu. Nambari 120, 80 na 60 katika sRGB zinatoa L ya takribani 38. Upande wa uso ulio kivulini, tuseme 70, 45 na 35, uko karibu na 21. Kwenye karatasi ya ati upande huo wa kivuli bado uko juu ya weusi wa wino, kwa hiyo una nafasi ya kuonyesha mfupa wa taya, nywele za kwenye paji, mkunjo wa jicho. Kwenye gazeti, kivuli hicho kiko chini ya weusi wenyewe, na shavu lenye mwanga liko ngazi mbili tu juu yake. Picha isiyotayarishwa kwa ajili ya karatasi hiyo haina pa kuupeleka uso huo. Kila kitu kilicho chini ya 36 kinaanguka mahali pamoja, nukta zinatanuka na kuziba kilichobaki, na asubuhi msomaji anapata kofia, kola ya shati, na kati yake doa. Uso wa mtu mweupe wenye L ya 70 hupita katika karatasi hiyo hiyo na kosa hilo hilo bila kuumia sana, kwa kuwa uko mbali na ukingo. Hii ndiyo sababu mwongozo ulioandikwa mahali penye nyuso nyeupe unaweza kuliita jambo hili dogo, na sababu ya sisi kutoliita dogo.

Mtu atasema: lakini wahariri wa picha hawapeleki RGB kiwandani, hubadilisha kwanza. Ni kweli, na hapo ndipo mkasa ulipo. Photoshop ikiwa na mipangilio yake ya kawaida ya Marekani, ukiiambia ibadili nyeusi tupu kuwa CMYK, hutoa sayani 75, majenta 68, njano 67 na nyeusi 90. Jumlisha: 300. Nambari hizo ni za profaili iitwayo SWOP, iliyopimwa kwa ajili ya majarida ya Marekani yanayochapwa kwenye karatasi iliyopakwa, na kwa kazi hiyo ni nambari za busara kabisa. Kiwango cha magazeti kinaruhusu jumla ya wino isiyozidi asilimia 240 hivi. Sehemu za giza za picha hiyo zinafika kwenye mashine ya gazeti na ziada ya 60. Wino haukauki kwa wakati, unahamia kwenye ukurasa unaotazamana nao, unaonekana kwa nyuma ya karatasi, unabaki vidoleni mwa msomaji. Aliyebonyeza kitufe hakufanya uzembe wowote anaoujua. Programu ilimuuliza swali moja, CMYK au siyo CMYK, akajibu ndiyo, na programu ikajaza yenyewe sehemu ya jibu asiyoulizwa: karatasi ipi. Picha ile ile ikipelekwa kwenye kalenda ya karatasi ya ati ingepita bila mtu kusema neno, na ndiyo maana kosa hili huishi maisha marefu. Hujificha nusu ya mwaka kisha likatokea kwenye kazi ya mteja mkubwa.

Kuna hasara ambazo hakuna profaili inayoweza kuzizuia, na mwandishi mkweli huzitenga. Maji ya kina kifupi ya pwani ya Unguja wakati wa jua la saa sita, ile samawati inayokaribia kijani na kung'aa kama taa, skrini inaionyesha kwa sababu skrini yenyewe ni taa. Wino wa sayani na njano juu ya karatasi hauwezi kuifikia. Uko nje ya wigo wake. Buluu kali ya skrini nayo ikifika kwenye wino huelekea zambarau. Mchapaji akikuambia bahari yako itapoa kidogo, anasema kweli, na kumgombeza ni kumwonea. Watu wengine huhitimisha hapo kwamba karatasi kila mara ni masikini mbele ya skrini. Wamekosea kidogo: sayani ya ofseti iliyojaa iko nje ya wigo wa sRGB, yaani kuna rangi ambazo karatasi inazo na skrini ya kawaida haina. Lakini ngozi ya binadamu, kuanzia maji ya kunde hadi weusi wa Mnuer, imo ndani ya uwezo wa wino kwenye karatasi nzuri. Wino unaiweza. Uso ukigeuka jivu au masizi kwenye karatasi ya ati, bahari haina kosa, wino hauna kosa. Aliyekosea ni aliyebadilisha picha, au mashine haikuendeshwa ilivyopimwa. Faida kubwa ya kuzijua profaili ni hii ya kujua lawama ziende wapi.

Programu inapokutana na rangi isiyoingia katika wigo wa karatasi, inahitaji kuambiwa ifanyeje, na kwa picha kuna njia mbili zinazofaa. Ya kwanza huisogeza picha yote kwa pamoja, hata rangi ambazo zingeingia bila shida, ili uhusiano kati ya rangi na rangi ubaki. Ni kama abiria wa daladala wanaojibana wote ili mmoja zaidi aketi. Ya pili huziacha rangi zilizomo zikae zilipo kwa vipimo vyao, na kuzikata zile zilizozidi mpaka zifike ukingoni. Kwa picha ya bahari, ya kwanza mara nyingi hushinda, maana ya pili inaweza kuyageuza mawimbi kuwa bapa moja lisilo na mikunjo. Kwa picha ya uso mimi huipendelea ya pili, kwa sababu ngozi tayari imo ndani na hakuna sababu ya kuisogeza kwa ajili ya shati la buluu lililo nje. Ila ina sharti moja lisilosameheka: kisanduku cha kufidia weusi lazima kiwashwe. Kisanduku hicho huagiza kwamba nyeusi ya picha ilinganishwe na nyeusi ya karatasi, na kila kilicho kati yake kipangwe upya kwa uwiano. Kikizimwa, ile hesabu ya shavu na gazeti tuliyoifanya juu inatimia neno kwa neno: kila kilicho chini ya weusi wa karatasi kinakatwa.

Jambo jingine limefichwa ndani ya profaili na halizungumzwi vya kutosha: namna wino mweusi unavyoingizwa. Hudhurungi ya ngozi inaweza kujengwa kwa njia mbili zinazotoa rangi moja. Unaweza kuweka sayani, majenta na njano nyingi na nyeusi kidogo sana, au ukapunguza hizo tatu na kuiachia nyeusi ibebe giza. Kwenye pruufu, nakala ya majaribio, huwezi kuzitofautisha. Mashine ikianza kukimbia unaziona, kwa kuwa hakuna mashine inayokaa pale pale kwa nakala elfu kumi. Sayani ikipanda kidogo katika ujenzi wa kwanza, uso mzima unaelekea kijani, na hakuna rangi ambayo jicho la binadamu huiogopa usoni kuliko hiyo. Katika ujenzi wa pili giza limeshikwa na nyeusi, ambayo haina upande wa kuegemea. Ikipanda, uso unakolea tu. Profaili iliyotengenezwa kwa nyeusi ya kutosha ni bima ya nyuso nyeusi, na ndiyo sababu nyingine ya kuomba profaili ya kiwanda badala ya kukubali ya programu. Nyeusi ikizidishwa kupita kiasi, ngozi huchakaa na kuwa na chembechembe kama mchanga, kwa hiyo bima hii nayo ina kipimo chake.

Sasa tumsikilize fundi wa mashine, maana ana hoja. Anasema rangi hupatikana mashineni, kwa jicho na kwa mkono, na kwamba amekuwa akirekebisha picha mbovu tangu profaili hazijazaliwa. Ujuzi wake haubishiwi. Kinachobishiwa ni nafasi aliyo nayo. Kwenye mashine ya ofseti wino hurekebishwa kwa kanda, kila kanda ikiwa na upana wa sentimeta 3 hivi, na kanda hukimbia kufuata mwendo wa karatasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama juu kuna uso wa bibi harusi na chini yake, katika kanda hiyo hiyo, kuna tangazo la nyanya za kopo, fundi akipunguza majenta ili bibi harusi atulie, nyanya zinapauka. Atamwokoa nani? Anayelipia tangazo, bila shaka. Tena kupunguza wino kwenye kanda kunapunguza kote, penye giza na penye mwanga, wakati uso ulioziba unahitaji kufunguliwa gizani tu. Marekebisho hayo yanawezekana kwenye faili, si kwenye wino. Na jicho, hata lenye uzoefu wa miaka 30, huzoea mwanga uliopo. Chini ya tyubu ya kijani-nyeupe iliyofungwa kwenye dari la kiwanda, jicho hujirekebisha lenyewe na kumdanganya mwenye nalo kwa nia njema. Kiwango cha kimataifa kinataka karatasi itazamwe chini ya mwanga uitwao D50, wa kadiri ya kelvini 5,000, kwa sababu watengenezaji wa viwango nao walikuwa na macho na walijua yanavyodanganya.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: hizi ni profaili za Ulaya. Zile zinazosambazwa sana kwa karatasi iliyopakwa zinatokana na vipimo vya Fogra, taasisi ya utafiti wa uchapaji iliyoko Ujerumani, na hakuna aliyepima mashine kuukuu katika chumba chenye unyevu wa Mombasa. Historia ya picha inampa mwenye hoja hii haki ya kushuku. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha usahihi. Kadi zenye nyuso za rangi mbalimbali zilichelewa kuja hadi miaka ya 1990. Hata wale watazamaji 17 wa Wright na Guild walikuwa wa Uingereza. Lakini tutenganishe mambo. Kuhusu macho hakuna tatizo: seli za rangi jichoni hazijui pasipoti, na tofauti zilizopo kwa sehemu kubwa ni za mtu na mtu. Kuhusu kadi za Shirley, kosa lilikuwa kuchukua uso mmoja kuwa kipimo, na profaili imejengwa kinyume chake. Haina uso ndani yake, ina viraka 1,617 visivyo na kabila. Upendeleo huingia baadaye, kwa mkono wa anayesahihisha picha na kwa mipangilio iliyoachwa kama ilivyokuja.

Kinachobaki katika hoja hiyo ni mashine yenyewe, na hapa nakubali zaidi ya nusu. Profaili ya mashine isiyotunzwa ni kama picha ya mtoto anayekimbia. Kama maji ya mashine, shinikizo la mipira na aina ya wino vinabadilika kila wiki kwa kufuata bei ya duka, hakuna daftari la ushahidi litakalodumu, na kiwanda kinachotaka profaili kianze na ufagio na ratiba ya matengenezo. Hata hivyo, kutokuwa na profaili kamili hakumaanishi profaili zote ni sawa. Profaili ya gazeti iliyopimwa Ulaya inajua kwamba karatasi ya gazeti hunywa wino, kwamba nukta hutanuka kwa robo na zaidi, kwamba jumla ya wino isipite 240 hivi. Ya jarida la Marekani haijui lolote kati ya hayo. Kati ya ramani ya mtaa wa jirani na ramani ya mji mwingine, aliyepotea hukamata ya jirani. Na kupima si jambo la ndoto: spektrofotomita ya mkononi inaweza kuzidi bei ya pikipiki mpya ya bodaboda, lakini viwanda vitatu vikichanga vinaipata, na chati ya vipimo inachapwa kwenye kazi yoyote iliyobaki na nafasi pembeni ya karatasi.

Vipo viwanda vinavyosema havipokei RGB, basi. Sioni ugomvi hapo. Wape CMYK, ila iwe CMYK yao, iliyobadilishwa kwa profaili waliyoitaja, na faili la PDF liitaje profaili hiyo ndani yake. Ubaya ni kuwapa CMYK ya mtu mwingine wakidhani ni yao. Kuibadili tena kutoka CMYK moja kwenda nyingine inawezekana, lakini inavunja mambo. Maandishi yaliyokuwa nyeusi tupu, wino mmoja, huweza kusambazwa katika wino nne, na bamba moja likiteleza unywele tu kila herufi inapata kivuli chekundu au cha buluu, na kitabu cha shule kinasomeka kama kimeandikwa na mtu mwenye homa. Isitoshe, bahari iliyokatwa katika mabadiliko ya kwanza hairudi katika ya pili. Rangi ikishatupwa imetupwa. Karatasi bora iliyopatikana baadaye itachapa kwa uaminifu ufukara wa faili. Kwa hiyo picha ya asili ibaki katika RGB yake, na profaili yake ikiwa imeambatanishwa, na kila safari ya kuchapa ipate nakala yake. Wachapishaji wanaotoa toleo la kwanza hapa nchini na la pili India wanahitaji nakala mbili za kila picha, zilizozaliwa na mama mmoja.

Hoja ya mwisho, kwamba msomaji haoni tofauti, haistahili aya ndefu. Msomaji haoni tofauti ya pazia wala ya gari, kwa kuwa hakuwahi kuliona pazia lenyewe. Uso anaujua. Anajua ngozi ya mtu wa rangi fulani inavyoshika jua, na akiiona imekuwa ya kijivu hatasema kosa la profaili. Atasema huyu anaumwa, au gazeti hili ni la hovyo. Familia inayokata picha ya marehemu kwenye ukurasa wa tanzia ili iiweke kwenye fremu inaona kila kitu.

Kabla ya kupeleka kazi, basi, fungua picha kwenye programu, chagua onyesho la kuchapa kwa profaili ya karatasi husika, na utazame kwa utulivu. Skrini itapauka mbele yako, weusi utageuka kijivu, weupe utakuwa na uchafu wa karatasi, na utatamani kulifunga. Usilifunge. Fungua kivuli cha uso kidogo kidogo mpaka taya ionekane, kisha uangalie jumla ya wino gizani. Bahari isamehe. Ila hayo yote hayawezekani kabla ya simu moja ambayo wengi hawaipigi, au huipiga mabamba yakiwa yameshatoka. Ipige mapema, na kabla ya bei na kabla ya tarehe, uliza: mtachapa kwenye karatasi gani?